Mshale Uliotazama Juu

Kila asubuhi, saa moja na nusu, Kokoto alilamba jiwe.

Moja tu. Wengine huanza siku kwa sala, wengine kwa taarifa ya habari. Yeye alianza kwa kushuka ngazi kumi na saba mpaka stoo ya chini ya jumba la makumbusho, kumimina chai kwenye kifuniko cha chupa, kuvuta droo moja, na kuligusa jiwe moja kwa ncha ya ulimi. Jiwe likilowa rangi zake hufunguka na punje zake huonekana. Wataalamu wa miamba wote hulamba mawe. Ni vile tu hawapendi kufanya hivyo mbele za watu.

Ulimi nao hujifunza. Chumvi ni chumvi. Udongo hunata. Jiwe gumu, kama yale ya droo ya thelathini na moja, halina ladha yoyote. Ni baridi tu, kama kijiko.

Siku hiyo jiwe la droo ya thelathini na moja lilinata.

Kokoto alisimama pale na ulimi nje, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Akalamba la pili. Likanata. La tatu. Likanata.

Plasta.

Yote kumi na mawili. Yamefinyangwa vizuri, yamepakwa rangi ileile ya kijani iliyokolea, yametiwa vyuma tumboni ili yawe mazito mkononi. Macho yangedanganyika miaka kumi. Ulimi haukudanganyika hata kidogo.

Kabla hajaufunga mdomo, simu ikalia.

Si ile ya mfukoni. Ile Nokia ya zamani, iliyolala ndani ya boksi lililoandikwa MCHANGA. Katika miaka minne ilikuwa imelia mara mbili tu. Akaifukua. Ujumbe ulikuwa mfupi.

DUKA LINAUNGUA. FUNGA. DROO YA TISA. SAA TANO. UKO SAWA?

 Akajibu kama alivyofundishwa.

NIKO SAWA.

Pale juu, kwenye kumbi zenye vioo, walimjua kama binti mpole wa mawe, anayekohoa kidogo kabla ya kusema neno. Idarani, kwenye ujasusi wa serikali, walimjua kwa jina hilo moja, Kokoto. Kwa mkoba uleule wa nyundo na lenzi alikuwa amewanasa wasafirisha madini kwenye mipaka mitatu. Lenzi yake ilipiga picha. Dira yake, ukiifungua kifuniko, ilirusha mawimbi ya kuonyesha alipo. Nyundo yake ilikuwa nyundo tu, Estwing ya mpini wa bluu, na haikuhitaji zaidi.

"Duka linaungua" maana yake ilikuwa moja. Umejulikana. Acha kila kitu. Toka nchini.

Chini ya droo ya tisa palikuwa na bahasha. Pasipoti yenye picha yake na jina la mtu mwingine. Tiketi ya ndege ya saa tano asubuhi.

Akaitazama ile bahasha, kisha akayatazama yale mawe ya uongo.

Miezi mitatu yeye na mjomba wake walikuwa wamelala kwenye hema kuyatafuta yale ya kweli. Ndani ya mawe yale mlikuwa na madini ambayo viwanda vya dunia nzima vilikuwa vikiyapigania, nayo yalitoka kwenye kilima kimoja tu. Serikali ilikuwa imekaa kimya kwa makusudi. Baada ya siku kumi wakazi wa kilima kile wangekabidhiwa hati za mashamba yao, ndipo habari zitangazwe. Mgeni ambaye angeyapima mawe kabla ya hapo angejua ni kilima kipi cha kukichukua huku wenyewe wakiwa bado hawana karatasi.

Kuna bibi kule kilimani aliyewaazima mitungi yake ya maji kwa miezi mitatu. Kokoto alimkumbuka yeye kwanza.

Viatu vya mpira vikalia kwenye ngazi.

"Umeanza kulamba kabla ya chai, au baada?" sauti ikauliza. "Ukifa kwa tumbo nitakuandikia lebo: huyu aliuawa na kifungua kinywa."

"Mjomba."

Alikuwa mkuu wa kitengo cha miamba kwa miaka thelathini na moja. Walinzi walimwita Profesa. Chuo hakikuwahi kumwita hivyo. Alikuwa kaka wa mama yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Siku ya mazishi binti aliuliza mama amekwenda wapi. Mjomba hakujibu. Alimwekea kipande cha kwatzi kiganjani akasema, "Hiki kina miaka milioni mia sita." Ndivyo alivyokuwa. Kila swali la moyo alilijibu kwa jiwe.

Ndiye pia aliyempeleka Idarani. Maagizo yote yalipitia kwake.

Kokoto akamnyooshea simu. Mjomba akasoma, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Lini?"

"Sasa hivi. Na si hilo tu. Mawe ya kilimani yamebadilishwa. Ni plasta, Mjomba. Yote."

Mzee akakaa juu ya stuli polepole.

"Basi wamo humu humu ndani," akasema. "Nenda. Agizo ni agizo."

"Na mawe?"

"Nitayatafuta mimi."

Kokoto akakohoa. "Kwa nini mimi? Nani amenitaja?"

"Jiwe likirushwa halimwulizi aliyelirusha."

Kila alipokwenda safari ya kazi Mjomba alimuaga kwa maneno matatu: rudi na mawe. Hakuwahi kusema rudi salama. Leo alimshika mabega kwa mikono yake yenye vumbi la miaka yote ile.

"Nenda, mwanangu."

Mwanangu. Miaka kumi na tisa alikuwa akilisubiri neno hilo. Akapanda ngazi haraka ili Mjomba asimwone akilia.

Mfukoni mwa koti, kando ya dira, alikuwa amesahau jiwe moja la plasta.

* * *

Teksi ilikuwa Corolla ya zamani yenye dereva asiyenyamaza.

"Dada, safari ndefu na huna hata begi? Au umemkimbia mume?"

"Sina mume."

"Basi umemkimbia atakayekuja."

Kokoto alitabasamu kwa adabu, akatazama kioo cha pembeni.

Hiace nyeupe. Kibebea mizigo juu ya paa. Magari mawili nyuma yao.

Teksi ilipokata kushoto, nayo ilikata kushoto. Teksi ilipopunguza mwendo, nayo ilipunguza.

Hawakuwa wakimkaribia. Hilo ndilo lililomshangaza. Anayetaka kukukamata hukukaribia. Hawa walikuwa kama watu wanaomsindikiza mgeni, kuhakikisha amefika.

Akaingiza mkono mfukoni apate kitu cha kushika. Vidole vikakutana na plasta. Akaitoa, akaigeuza.

Namba nane.

Ubavuni palikuwa na mshale mweupe wa rangi.

Kila jiwe linalotolewa mahali pake huchorwa mshale kabla halijanyanyuliwa. Mshale huonyesha upande gani ulitazama juu, mbinguni. Bila mshale jiwe ni kama mtu aliyepoteza kumbukumbu. Huwezi tena kulisoma lilipita wapi.

Siku walipolitoa namba nane mvua ilikuwa ikinyesha kama imetumwa. Dereva wao alikuwa amelala garini. Mjomba alikuwa amemfunika Kokoto kwa turubai, na Kokoto, vidole vikiwa vimekufa ganzi, akachora. Kisha wote wawili wakatazama. Jiwe lilikuwa na mstari mweupe chini yake, na mshale ulikuwa ukiuelekea mstari ule.

"Umeigeuza dunia kichwa chini!" Mjomba alicheka mpaka turubai likamwaga maji shingoni mwake. Kokoto alitaka kufuta. "Liache," akamwambia. "Kosa likikutazama kila siku, hulirudii."

Likaachwa. Jiwe namba nane, la kweli, lilikuwa na mshale uliotazama chini.

Hili la plasta lilikuwa na mstari uleule mweupe, umechorwa kwa brashi nyembamba.

Na mshale wake ulitazama juu.

Kokoto akaacha kusikia maneno ya dereva.

Mwizi wa kawaida angenakili. Angeuweka mshale kama alivyoukuta, kwa sababu kwake mshale ni doa tu la rangi. Aliyefinyanga jiwe hili alijua juu ni wapi. Alikuwepo kwenye mvua. Na mkono wake, peke yake, bila kumwomba ruhusa, ulikataa kuandika kosa.

Mwizi hunakili. Mwalimu husahihisha.

Miwani. Mjomba hakuweza kusoma hata lebo ya chupa bila miwani. Leo aliusoma ujumbe wa Nokia ikiwa juu ya paji la uso.

Hakuusoma. Aliujua.

Kuna namba ambayo Kokoto aliikariri miaka minne iliyopita na hakuwahi kuipiga. Akaipiga.

"Sema." Sauti ya mwanamke, mkuu wao. Idara nzima ilimwita Shangazi, ingawa hakuna aliyejua kama ana kaka.

"Kokoto. Umenitumia agizo la kufunga duka?"



"Sijakutumia kitu tangu mwezi uliopita. Ila leo saa kumi na mbili nimeletewa taarifa kwamba umeuza mawe, na kwamba unaondoka na ndege ya saa tano kwa pasipoti ya bandia. Watu wangu wako uwanjani. Wana pingu."

"Nani ameileta?"

"Unajua nani."

Alijua. Alitaka tu mtu mwingine aseme, ili lisiwe limetoka kwake.

"Ningepanda ndege ile..."

"Anayekimbia hahitaji kesi. Tungekufunga wewe, tungefunga na faili. Hakuna ambaye angeyatafuta mawe kwa wiki nzima. Yako wapi?"

Kokoto akafumba macho. Akaiona stoo, ngazi, mlango wa kupakilia mizigo. Akaliona sanduku la mbao. Mifano ya plasta kwa maonyesho ya nje ya nchi, vipande kumi na viwili. Orodha aliisaini yeye mwenyewe juzi, Mjomba akimshikia karatasi.

Plasta haihitaji kibali cha madini.

"Wameyabadilishia nguo," akasema. "Plasta imepakwa rangi ya jiwe ikaingia kwenye droo. Mawe yamepakwa rangi ya plasta yakaingia kwenye sanduku. Linaondoka saa nne."

"Una dakika arobaini kabla sijaamini taarifa yake badala ya yako. Ukifika, fungua dira. Uko sawa?"

"Niko sawa."

Akaikata simu.

"Geuza gari."

"Dada, uwanja uko mbele."

"Nimesahau kitu."

"Pasipoti?"

"Nyundo."

Dereva akamtazama kwenye kioo, akageuza.

Hiace nayo ikageuza. Sasa haikusindikiza tena. Ilipiga honi, ikapanda ukingo wa barabara, ikalipita gari moja, ikabaki nyuma ya bampa lao.

"Hawa ni ndugu zako?" dereva akauliza, sauti imepanda.

"Ingia pale. Maegesho ya chini ya lile duka kubwa."

"Yanatokea upande wa pili!"

"Ndiyo maana."

Mlangoni palikuwa na bomba la chuma lililoning'inia kwa minyororo, kuzuia magari marefu. Kokoto alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kukadiria urefu wa majabali kwa jicho. Mita mbili na sentimita kumi. Corolla ikapita chini yake bila kupunguza mwendo.

Hiace yenye kibebea mizigo haikupita.

Kishindo kilijaa maegesho yote. Corolla ikachomoza kwenye jua la mtaa wa pili.

"Dada," dereva akasema baada ya kumeza mate, "wewe unafanya kazi gani?"

"Natunza mawe."

"Mawe gani haya yanayofukuzwa na Hiace!"

* * *

Saa yake ya Casio ilionyesha saa nne kasoro dakika nne.

Mlango wa nyuma wa makumbusho ulikuwa na jukwaa la saruji na mteremko wa kushushia mizigo. Juu ya mteremko, kwenye toroli la chuma, lilikaa sanduku la mbao. Kabari moja ilizuia gurudumu. Wapakiaji walikuwa wamepelekwa kunywa chai. Chini, mlango wa Land Cruiser ulikuwa wazi, na mbele yake alisimama mwanamume wa suti ya kijivu, mgeni, viatu vyake visivyo na vumbi hata chembe.

Mjomba alikuwa jukwaani na orodha mkononi.

Kokoto alipita kwenye mlango wa stoo. Ndani ya mfuko, kidole chake kikafungua kifuniko cha dira.

Akakohoa.

Mjomba akageuka. Akaitazama saa yake kabla ya kumtazama usoni.

"Ndege..."

"Imeniacha."

Suti hakupoteza muda. Bastola ya Glock ilitoka chini ya koti kama kalamu inavyotoka mfukoni mwa karani.

"Simama hapo, bibie," akasema kwa Kiswahili cha kitabuni. "Karatasi zinasema ni plasta. Je, huziamini karatasi zenu wenyewe? Nadhani sahihi hii ni yako."

"Ni yangu."

"Basi ni plasta."

Kokoto akasogeza mguu karibu na kabari. 

"Kama ni plasta," akasema, "haitakuumiza."

Akaipiga kabari teke.

Toroli likaanza taratibu, kama mtu anayeamka. Kisha likakumbuka uzito wake. Suti alikuwa na nafasi ya kuruka, lakini aliamini karatasi nusu sekunde zaidi ya ilivyostahili. Sanduku likamfika magotini. Risasi ikaenda kwenye bati la paa. Bastola ikamtoka, ikazunguka angani, ikadondoka juu ya saruji ya jukwaa. Mbao zikapasuka.

Mawe kumi na mawili yakabingirika kwenye mteremko. Pale yalipogongana rangi nyeupe ilibanduka, na chini yake palikuwa na kijani kilichokolea.

Suti alikuwa amelala akilia kwa lugha ya kwao.

Kokoto akageuka kuitafuta bastola.

Ilikuwa mkononi mwa Mjomba.

Aliishika vibaya, kwa mikono miwili, kama anavyoshika kitu kisicho na lebo. Lakini tundu lake lilikuwa limemtazama Kokoto.

"Ungekwenda tu," mzee akasema. "Mbona hukwenda?"

Kokoto akasogea hatua moja. Nyingine. Akatoa mkono mfukoni, akamnyooshea lile jiwe la plasta, kama mwanafunzi anayekabidhi kazi.

"Namba nane, Mjomba."

Akalitazama. Akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Akalitazama tena.

Mshale. Mstari mweupe. Mvua.

Uso wake ukafanya kitu ambacho Kokoto hakuwahi kukiona. Uliporomoka wote kwa pamoja, kama ukingo wa mto.

"Nimeusahihisha," akanong'ona.

"Umeusahihisha."

"Sikujua. Mkono wenyewe..."

"Najua."

Bastola ikashuka. Kokoto akaichukua, akatoa magazini ya risasi, akaiweka juu ya orodha ya mizigo.

"Kwa nini mimi?" akauliza.

"Walinipa maabara," Mjomba akasema. "Yenye jina langu mlangoni. Miaka thelathini na moja mmenivika kilemba cha ukoka, Profesa, Profesa, na dari inanivujia kichwani. Jiwe likikandamizwa sana..."

"Sijauliza kuhusu maabara. Wala jiwe. Kuna dereva, kuna wapakiaji, kuna walinzi. Ungeweza kumtaja yeyote. Kwa nini mimi?"

  Mjomba akainama akaokota kipande cha jiwe kilichomeguka, akakigeuzageuza, akakifuta kwa kidole gumba.

"Usinipe jiwe," Kokoto akasema.

Magari matatu yakaingia uani. Watu wa Idara walishuka bila kukimbia. Wawili wakamwinua Suti. Mmoja wao, kijana mnene mwenye redio ya Motorola, alilitazama sanduku, kisha goti la Suti.

"Shangazi, mzigo umepatikana," akasema redioni. "Plasta imevunja goti la mtu."

"Plasta gani hiyo?" redio ikakwaruza.

"Ile ya kilo sitini."

Kisha kijana akamtolea Mjomba pingu. Mzee akanyoosha mikono mwenyewe.

Kokoto akapiga magoti mteremkoni. Akayaokota mawe moja moja, akayahesabu, akayapanga kwenye trei kwa namba. Namba nane alilikwangua ubavuni kwa ukucha. Chini ya chokaa mshale wake ulikuwepo, umepinda, unatazama chini. Akaliweka mahali pake. Hakulifuta.

Kijana akamletea redio.

"Kokoto," Shangazi akasema. "Hati za kilimani zitatoka kwa wakati. Faili lako limesafishwa. Uko sawa?"

Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko kawaida.

"Niko sawa."

Akarudisha redio. Akauchukua mkoba wake stooni, akautundika begani, nyundo ikining'inia, akaelekea getini. Njia yake ilipita kando ya gari walimomkalisha Mjomba. Hakupunguza mwendo. Hakuongeza pia. Vumbi la plasta lilikuwa limeganda kwenye mdomo wake, akalifuta kwa mgongo wa mkono.

Alikuwa amepita hatua sita alipomsikia.

"Binti!"

Hakugeuka. Lakini alisimama.

Nyuma yake pakawa kimya. Aliujua ukimya ule. Ni ule wa mzee kupapasa mifuko, akitafuta jiwe la kusemea. Safari hii mikono ilikuwa imefungwa, na mifuko ilikuwa mitupu.

"Wengine wangejitetea," Mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, haina mzaha. "Dereva angepiga kelele. Walinzi wangeniuliza maswali. Wewe ningekwambia kimbia, ungekimbia. Nilikuuza wewe kwa sababu ni wewe peke yako uliyenipenda."